Vitu vya Mgeni

Nyumba ile ilikuwa ya mgeni. Wenyeji walikuwa wanamtunzia tu.

Sahani za maua ya buluu zilikuwa za mgeni. Glasi zenye mguu mrefu, za mgeni. Kochi la watu watatu lilikuwa bado limevaa nailoni lililotoka nayo dukani, na mwenye nyumba mwenyewe, mama mtu mzima mwenye miguu iliyovimba, alikaa kwenye kigoda jikoni miaka yote ili asilichoshe. Ukimuuliza huyo mgeni ni nani, atakwambia wageni ni wengi, kisha atakuuliza habari za kwenu.

Lakini binti yake, kitindamimba wake, alijua. Mgeni alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mtoto wa kwanza wa mama huyo huyo. Aliondoka kwenda kufanya kazi nchi ya mbali wakati binti akiwa bado anavaa sare ya shule. Tangu hapo kila Krismasi ilipokaribia alipiga simu kusema safari hii nakuja, mama, na kila Krismasi ilipofika alipiga tena kusema safari hii imeshindikana. Binti alikuwa amempachika jina: Mgeni Rasmi. Alilitamka kwa sauti ya chini, maana mama yake alikuwa na masikio.

Yeye binti, kazini walimwita Utepe. Alikaa kwenye meza ya kufungia zawadi katika duka kubwa, ghorofa ya chini, kati ya kaunta ya manukato na ngazi ya umeme. Juu ya kichwa chake lilining'inia bango jekundu: KRISMASI HII, IDEKEZE FAMILIA YAKO. Chini ya bango watu walipanga foleni wakiwa wamekumbatia vya kudekezea: mishumaa yenye harufu, chokoleti zilizolala moja moja kwenye vitanda vyao kama watoto wa kifalme, mafuta ya kukandia mabega, taulo nene, mito ya kulalia ya manyoya. Utepe alivipokea, akavivika.

Tusimpunguzie sifa yake, alikuwa fundi. Karatasi hakuipima kwa rula, aliipima kwa jicho. Kona alizikunja zikawa kali kama za suruali iliyopigwa pasi na mtu mwenye hasira. Na selotepu huoni: aliificha chini ya mkunjo, ukatafuta pa kuanzia kufungua ukapakosa. Mwisho alivuta utepe juu ya ubavu wa mkasi, ukajiviringa wenyewe. Wateja walikuwa wanasema, "Dada, sasa hiki mtu atakifunguaje?" Naye alicheka, akiona amesifiwa.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa. Lakini tusitangulie.

Siku moja kabla ya Krismasi, mchana, foleni ikiwa imefika kwenye viatu vya watoto, simu yake ilitikisika mfukoni. Alikuwa Mama Mapacha, jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa anamwangalia mama.

"Amekataa uji, mwenzangu."

"Umemwambia nini?"

"Nimembembeleza, nimemtisha, nimemwimbia. Anasema hana nafasi tumboni, anamwekea mwanawe."

Utepe alibana simu kwa bega, vidole vikiendelea kukunja. "Mwambie nakuja jioni."

"Nimemwambia. Kasema wewe huna haraka, wewe si mgeni."

Mteja aliyekuwa mbele yake, mwanamume aliyetoa jasho la mtu aliyechelewa kukumbuka mke wake, aliuliza kama anaweza kuwekewa na ua. Utepe akamwekea ua. Aliliweka huku anaona koridori ya hospitali, siku walipowarudisha nyumbani, yeye na mama yake. Daktari alikuwa kijana, amechoka, kalamu imemvujia mfukoni. "Mpeleke nyumbani," alisema. "Mpe anachopenda." Utepe akauliza, "Na chumvi? Si mlikataza chumvi?" Daktari akatazama ukutani, akatazama viatu vyake, kisha akamtazama yeye. "Dada. Mpe anachopenda."

 

Basi siku ile walipofika nyumbani alimuuliza mama yake, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeuliza saa, "Mama, unapenda nini?"

Na mama akajibu, "Napenda kaka yako aje."

*

Asubuhi ya Krismasi kuku alikuwa ndani ya oveni, amejazwa limau na vitunguu saumu, hana chumvi hata punje. Mama aliomba aletwe sebuleni ili mgeni akifika asimkute chumbani kama mgonjwa. Utepe alimbeba. Hilo lilimtisha kuliko maneno ya daktari: kwamba aliweza kumbeba. Mwanamke aliyewahi kuinua gunia la mchele akiwa anagombana na muuzaji, sasa alikuwa mwepesi mikononi kama nguo zilizokauka kwenye kamba. Uzito wote uliobaki ulikuwa miguuni, iliyojaa maji, inayong'aa.

"Nikuweke kwenye kochi."

"Nitalichafua."

"Lina nailoni, mama."

"Ndiyo maana ni safi. Niweke chini."

Akamweka chini. Godoro jembamba, shuka iliyofifia mpaka maua yake hayajulikani yalikuwa maua gani. Na pale, ubavuni mwake, kochi limekaa na nailoni yake, tupu, linameremeta. Utepe aliangalia picha hiyo akaona aibu, asijue ni ya nani.

Mbele yao lilikuwa kabati la vioo. Juu kabisa, sahani na glasi za mgeni. Chini yake, rafu nzima, zawadi.

Zote zilikuwa zake yeye. Kila Krismasi alimletea mama kitu kimoja cha kudekea kutoka dukani, kwa bei wanayopunguziwa wafanyakazi, akakifunga kwa ustadi wake wote. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akamwombea heri, akakiweka kabatini. Ndivyo walivyolelewa katika nyumba ile: mtoaji hasemi ametoa nini, asije akaonekana anajisifu, na mpokeaji hafungui mbele ya mtoaji, asije akaonekana mroho. Mwaka wa kwanza Utepe alidhani mama atafungua akibaki peke yake. Krismasi iliyofuata akakuta zawadi ipo palepale, utepe haujasogea hata unywele.

"Mama, hukufungua?"

"Nifungue niharibu? Angalia kona hizo. Mama Mapacha ameleta hadi shemeji zake kuja kuitazama."

Na yeye, kwa ujinga ambao labda ni wa watu wa kazi yake tu, akasikia raha. Badala ya kuleta zawadi ya pili ndani ya mfuko wa plastiki wa kawaida, akaifunga vizuri zaidi ya ile ya kwanza. Na ya tatu akaishinda ya pili. Kadiri alivyofunga vizuri ndivyo mama alivyoogopa kufungua, na kadiri mama alivyoogopa ndivyo yeye alivyosikia ametukuzwa. Rafu ikajaa. Ufunguo wa kabati mama akaubana kwa pini ndani ya nguo, upande wa moyo.

Saa za mchana simu ililia. Mama aliinua kichwa kwanza kabla ya Utepe kunyanyua mkono.

"Ndiye. Weka sauti kubwa."

Sauti ya kaka ilijaa sebule, nyuma yake kelele za uwanja wa ndege. "Krismasi njema, mama! Nimekwama hapa, ndege imeahirishwa. Kesho asubuhi, Mungu akipenda, niko hapo."

"Hakuna neno, baba," mama alisema, akiitabasamia dari. Alimwita baba, mwanawe huyo, kwa kumpenda.

"Na wewe hapo," kaka aliendelea, maana yake Utepe, "nisikilize. Hakuna chumvi. Hakuna mafuta, hakuna sukari. Nimezungumza na mtaalamu."

"Mtaalamu wa nini?"

"Wa lishe. Usimpe kitu mpaka nifike mimi. Tutaanza utaratibu mpya."

"Utaratibu."

"Ndiyo, utaratibu. Usianze na ubishi wako."

Simu ikakatika. Harufu ya kuku ilikuwa imeshafika sebuleni, imejilaza juu ya kila kitu. Mama alivuta pumzi, pumzi fupi za siku hizo, zinazoishia kooni kama mtu anayepanda ngazi.

"Basi ni kesho," alisema. "Tutakula kesho, wote pamoja. Funika kuku."

Utepe hakusogea.

"Husikii? Funika kuku, asikauke."

Alitazama kucha za mama. Zilikuwa na rangi ya wino uliomwagikiwa maji. Alitazama midomo, nayo ilikuwa na rangi ile ile. Kesho. Neno hilo alilijua vizuri. Alikuwa amelelewa nalo chumba kimoja, limekula kwao, limelala kwao, na halikuwahi kuosha hata kijiko.

"Mama, nipe ufunguo."

"Ufunguo wa nini?"

"Wa kabati."

Kiganja cha mama kilipanda polepole kikafunika pini. "Hivyo ni vya mgeni."

"Zile zawadi ni zako. Nilikuletea wewe."

"Zangu, ndiyo. Na mimi nimemwekea mgeni azione. Aone mdogo wake anavyojua kazi."

"Nipe, mama."

"Sitoi."

Huwezi kumnyang'anya mama yako kitu kifuani, akiwa amelala chini, akiwa na mkono usio na nguvu ya kuua nzi. Utepe aliinuka. Akaenda kwenye mkoba wake wa kazi, akatoa mkasi, akapiga magoti mbele ya kabati. Akaingiza ncha ya mkasi kwenye skrubu ya bawaba.

"Unafanya nini?"

"Nafungua."

"Ufunguo ninao mimi!"

"Basi nafungua bila ufunguo."

"Wewe mtoto! Wewe mtoto wewe, nitakulaani!"

"Nilaani ukiwa umekula."

Skrubu zilikuwa na kutu, zikalia kama panya. Kioo kikatoka na fremu yake, akakiegemeza ukutani. Akachukua zawadi ya kwanza, ile ya zamani kuliko zote, karatasi yake ya dhahabu ikiwa imepauka upande wa dirisha. Alianza kutafuta pa kuanzia. Aligeuza huku, akageuza kule. Kucha zake zilipita juu ya mikunjo, zisipate mdomo wa karatasi. Alikuwa amejifungia nje yeye mwenyewe.

Basi akachana.

Ule mlio ulipasua nyumba. Mama alipiga kelele kama aliyechanwa yeye. "Usichane! Jamani, usichane!" Lakini ilikuwa imeshachanika.

Ndani, sanduku la chokoleti. Alilifungua huku anasema, "Ona, mama, ona nilikuletea nini," na maneno yakamfia mdomoni. Chokoleti zilikuwa nyeupe, zimepasuka kama matope ya kiangazi. Aliigusa moja ikawa unga.

Akachana ya pili. Krimu ya mikono, ya maua ya waridi. Imekatika maji, na juu yake mafuta yananuka stoo. Akachana ya tatu, sasa kwa haraka, vipande vinaruka. Mshumaa wenye harufu: ulikuwa umeyeyuka siku za joto, ukashikana na karatasi, umelala kama ulimi. Ya nne ilikuwa biskuti za siagi kwenye bati zuri, na alipofungua kifuniko wadudu wadogo walitawanyika, wakakimbilia pembeni, wakamwachia vumbi.

Alikaa katikati ya karatasi, za dhahabu, za fedha, za nyota. Kazi yake yote. Kila Krismasi alisimama kwenye ile meza baada ya zamu, miguu inamuuma, akafunga kwa mapenzi, na kumbe alikuwa anashona sanda. Vitu vizuri vimezikwa wima, kwenye kioo, watu wanaletwa kuvitazama.

Alilia. Hakulia kwa adabu. Alilia mdomo wazi.

Mama alikuwa amegeukia ukuta. Bega moja lilikuwa linapanda na kushuka. Kisha, bila kugeuka, akasema:

"Ile ya zambarau."

"Nini?"

"Ile ya zambarau, kubwa, yenye tepe mbili. Ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Kama umeamua kuniharibia, niharibie mpaka mwisho."

Utepe alifuta kamasi kwa kiganja. Akaivuta ile ya zambarau kutoka nyuma ya rafu. Aliichana taratibu, akiogopa kitakachotoka.

Lilikuwa vazi la kuvaa ukitoka kuoga. La kitambaa cha taulo, nene, rangi ya maziwa, lina mkanda wake na mifuko miwili mikubwa. Alilikung'uta. Halikuwa na tundu. Halikunuka. Alilipeleka kwenye shavu la mama, mama akashtuka.

"Laini hivi?"

"Laini hivyo."

"Na mimi nilidhani ni redio."

"Redio?"

"Ilivyo kubwa. Nikilala nikikosa usingizi nilikuwa nazipima kwa macho, moja moja. Hiyo nilisema redio. Ile ya dhahabu nilisema saa ya mezani." Alishika kona ya vazi, akaisugua kwa vidole viwili kama anayechagua kitambaa sokoni. "Liko humu tangu lini?"

"Tangu mwaka ule Mama Mapacha alipojifungua."

Mama alifikiri. Mapacha sasa walikuwa wameshaanza shule. "Na baridi yote ile nikawa nalala na shuka hii."

"Kwa nini hukufungua, mama?"

"Kwa nini hukusema?"

"Zawadi haisemwi! Wewe mwenyewe ulitufundisha!"

"Na haifunguliwi mbele ya mtu."

"Nilikuwa naondoka asubuhi mpaka jioni! Ungefungua nikiwa sipo!"

"Na kama nisingeipenda?" mama alisema. "Ungerudi ukaniangalia usoni. Mimi sijui kuficha. Ikiwa imefungwa, naipenda yote."

 

Mlango ulisukumwa, Mama Mapacha akaingia na mwiko mkononi, aproni ikiwa imejaa unga. "Nimesikia kelele. Mmeibiwa?"

"Tumejiibia," Utepe alisema. "Weka mwiko, nisaidie kumwinua."

"Kumpeleka wapi?"

"Kwenye kochi."

Mama Mapacha alitazama kochi, akatazama nailoni, akamtazama mama. Alikuwa jirani wa siku nyingi. Alijua sheria za nyumba ile kuliko alivyojua za nyumba yake. "Kwenye kochi *lile*?"

Utepe alikuwa ameshashika mkasi. Nailoni ilikuwa imezeeka, ikakatika kirahisi, ikatoa pumzi ya vumbi. Chini yake kitambaa kilikuwa chekundu, chekundu cha kweli, ambacho hakuna mtu katika familia ile aliyewahi kukigusa kwa mkono.

"Mamaaa," Mama Mapacha alisema. "Kumbe ni jekundu. Mimi siku zote najua ni la kahawia."

Walimvika mama lile vazi, wakamwinua, wakamlaza kwenye kochi juu ya shuka nyeupe zilizotolewa sandukuni, bado zina mistari ya mikunjo ya kiwandani. Zawadi ndogo kuliko zote, iliyofungwa kwa karatasi ya kijani, ilikuwa chumvi ya kulowekea miguu. Hiyo ilikuwa nzima. Jiwe halina la kuoza. Utepe alichemsha maji, akayapima joto kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga, akamimina punje za waridi.

"Nini hiyo?" mama aliuliza.

"Chumvi."

"Si nimekatazwa?"

"Hii ni ya miguu."

"Basi miguu imenishinda bahati."

Mama Mapacha alicheka mpaka akajishika mbavu. Utepe aliosha ile miguu. Kidole kilipobonyeza mahali, shimo lilibaki, halirudi. Aliosha kati ya vidole, akaosha visigino vilivyopasuka, na mama alifumba macho, na kwa muda pumzi zake zilishuka chini kidogo kuliko kooni.

"Sasa lete kuku," alisema, macho bado yamefumba. "Kwenye sahani ya maua. Na chumvi. Ile ya mdomoni."

Utepe alisimama. Mwili mzima ulimwambia asilete. Alimwona daktari akitazama viatu vyake. Alimsikia kaka akisema utaratibu. Kama asingeleta, labda mama angepata siku moja zaidi, labda mbili, kwenye godoro, akitazama kabati. Kama angeleta, labda asingezipata. Hakuna aliyejua. Ilikuwa ni juu yake peke yake, katika nyumba yenye watoto wawili.

Akaleta.

Mama hakula nyama. Aliomba ngozi, ile ya mgongoni iliyokauka ikawa kama karatasi. Aliinyunyizia chumvi mwenyewe, punje nyingine zikaanguka kwenye mfuko wa vazi. Akaitia mdomoni, akaisikiliza.

"Kumbe kuku ana ladha," alisema.

Alikula vipande vitatu vidogo. Alikunywa maji kwenye glasi yenye mguu mrefu, akiishika kwa mikono miwili, akaangalia dirisha kupitia humo. Kisha akamwangalia binti yake, na uso wake ukawa wa yule wa zamani, wa kugombana na wauza mchele.

"Mgeni Rasmi akifika, mwambie amechelewa."

Utepe aliganda.

"Ulidhani sijui unamwitaje?"

*

Asubuhi iliyofuata mama hakuweza kuinua kichwa. Alikuwa kwenye kochi jekundu, ndani ya vazi lake, na pumzi zilikuwa zinakuja mbili, zinasimama, zinakuja moja. Alipoitwa alifungua macho, akayafunga. Utepe alikuwa amepiga magoti pale tangu kupambazuke, ameshika kiganja, anahesabu zile pumzi bila kutaka kuzihesabu.

Kaka aliingia akiwa na koti refu na sanduku la magurudumu. Alikuwa amenenepa, ana mvi pembeni, na kwa muda Utepe hakuona mtu wa simu. Aliona uso wa mama kwenye mwili wa mwanamume.

"Mama," alisema mlangoni. Akasimama. Macho yake yalizunguka: kabati halina mlango, karatasi zimelala sakafuni mpaka jikoni, nailoni imechanwa, sahani ya maua ina mifupa. Pembeni yake, kijisahani cha chumvi.

"Ulimpa chumvi?"

"Nilimpa."

"Nilikwambia nini jana?"

"Uliniambia kesho."

"Usinichezee!" Alikuja mpaka kwenye kochi, akapiga goti upande wa pili, akamshika mama bega. "Mama. Mama, nimefika." Mama alifungua macho. Akamwona. Kitu kama tabasamu kilijaribu kupanda, kikachoka njiani. Kaka aligeuka, macho yamejaa maji na hasira. "Alikuwa anaongea! Jana alikuwa anaongea na mimi kwenye simu! Umemuua kwa kuku."

"Alikuwa anaondoka. Na alikuwa anaondoka huku anakungoja."

"Na vitu vyake? Mwanamke ametunza vitu vyake maisha yake yote. Umeona heri uvivunjie kabati siku ya Krismasi, kama mwizi?"

"Alikutunzia wewe. Haya, umefika. Kipi unataka? Sahani? Chukua sahani."

Kaka alifungua begi lake la mkononi kwa mikono isiyojua inafanya nini, akatoa kifurushi cha karatasi nyekundu, kimefungwa na mtu wa uwanja wa ndege, selotepu inaonekana pande zote. Alikitazama. Kisha, na Utepe aliona jambo hili kwa macho yake, alisimama, akaenda kwenye kabati lisilo na mlango, akakiweka kwenye rafu tupu. Akakisogeza kikae katikati.

"Ni cha mama," alisema. "Atafungua akipata nafuu."

Utepe aliinuka. Alipita juu ya karatasi, zikalia chini ya miguu yake. Alikichukua kile kifurushi.

"Rudisha."

Hakurudisha. Alikichana mara moja, kutoka juu mpaka chini, mbele ya aliyekitoa, kama mtu asiye na malezi. Zilikuwa ndara za kuvaa ndani, za manyoya, nyeupe, laini kama tumbo la paka.

"Huna adabu," kaka alisema, na sauti yake ilipasuka. "Huna hata chembe. Mwombe mama radhi. Mwombe radhi sasa hivi angali anasikia, kisha uniombe na mimi."

Juu ya kochi, chini ya shuka nyeupe, kitu kilisogea. Macho ya mama yalikuwa wazi, nusu, yanaangalia mikono ya binti yake. Mguu mmoja uliovimba ulikuwa unajitoa nje ya shuka, polepole, kidole baada ya kidole.

Utepe alipiga magoti. Alipanua ndara kwa vidole, akaiingiza, akasukuma kisigino taratibu mpaka kikakaa. Ndara ya pili alimnyooshea kaka yake.

"Shika. Mvishe huo mwingine," alisema. "Radhi siombi."